Mwaka wa Wasichana wa ED

Nilifika Haneti kaburi likiwa limeshafukiwa. Ruhusa nilikuwa nimeomba tangu jana yake, lakini asubuhi kikao kikaitishwa ghafla, na mimi kwa umri wangu na cheo changu ndiye mtu wa kuandika mihtasari ya vikao ambayo hakuna atakayeisoma. Mpaka natoka ofisini Mtumba saa zilikuwa zimekwenda. Nikakuta wanaume wanakung'uta udongo kwenye majembe, wanawake wamesharudi uani kupakua chakula, na mashada mawili ya maua ya plastiki yamelazwa juu ya udongo mwekundu ambao upepo ulishaanza kuupeperusha. Nilisimama pale peke yangu, sijui kwa muda gani. Sikulia. Nina miaka hamsini na mitatu, na siku hizi nachoka kabla machozi hayajafika. Nilichofanya ni kumkumbuka Sipora akiwa na miaka kumi na sita, amekaa juu ya gunia la uwele, kitabu mapajani, akisema, "Atakayecheka atoke." Maisha yake mengine yote, ualimu wake wa shule ya msingi, ndoa yake, watoto wake, niliyajua kwa simu na kwa salamu za sikukuu. Mwaka mmoja tu ndio niliishi naye, na huo ndio ninaouandika hapa.

Shule yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ya bweni, ya wasichana, kaskazini ya Dodoma, upande ambao mvua ya Januari husimuliwa hadi Juni. Mabomba yalikuwepo, maji hayakuwepo. Kila alasiri baada ya vipindi tulishuka korongoni, mwendo wa nusu saa, tukafukua mchanga kwa sahani za bati na kusubiri maji yajikusanye taratibu chini ya shimo, kisha tukachota kikombe baada ya kikombe mpaka ndoo ijae. Kazi ile ilikuwa ya wawili. Mmoja anachota, mwenzake anashika ndoo. Wakimaliza wanatwishana na kupanda mlima wakizungumza. Mimi nilihamia pale kidato cha tatu nikitokea shule nyingine, na nilipofika kila mtu alishakuwa na mwenzake. Hakuna aliyenichukia. Walinisalimia vizuri tu, wakaniuliza kwetu, nikasema Kondoa mjini, wakasema "Aa," basi, wakaendelea na habari zao za mwaka uliopita ambazo mimi sikuwemo. Wiki tatu nzima nilijitwisha mwenyewe: napiga goti, napandisha ndoo kwenye paja, kutoka kwenye paja hadi begani, na ikifika kichwani nusu ya maji iko kwenye gauni. Nikifika bwaloni nimelowa, nimechelewa, nakula ugali uliopoa kwenye benchi la mwisho, nikisikiliza migongo ya watu wakicheka.

Ndipo nikakumbuka kifua changu. Utotoni niliugua pumu, ya kweli kabisa, ikaisha yenyewe nikiwa darasa la tano. Lakini kifua hakikusahau namna ya kupiga filimbi. Jumatatu moja nilikwenda kwa matroni mabega nimeyapandisha, navuta pumzi kwa mdomo. Mama yule hakuniuliza maswali mawili. Aliandika ED. Ilikuwa karatasi ndogo, ndogo kuliko kiganja, iliyomwondolea mwanafunzi kazi zote za mikono, na wote tuliita ED hata wasiojua kirefu chake. Wengi watadhani nilikuwa mvivu. Uvivu ninaujua, nimekutana nao ofisini kwa miaka mingi, na ule haukuwa uvivu. Nilikuwa nakimbia kujitwisha peke yangu mbele ya watu waliokuwa wawili wawili.

Wenye ED hawakuachwa walale bwenini. Walipelekwa maktaba kufuta vumbi. Neno hilo, maktaba, lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa rangi ya buluu, lakini ndani kilikuwa chumba cha stoo kilichopakana na jiko, chenye magunia ya uwele na maharage upande mmoja na rafu tatu za chuma upande mwingine. Vitabu vingi vilikuwa vya msaada, vya lugha za watu: jinsi ya kutunza bustani wakati wa theluji, jinsi ya kufungua injini za mashine ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziona. Rafu ya chini kabisa, iliyokuwa ikiliwa na mchwa, ndiyo iliyokuwa na riwaya chache za Kiswahili, kurasa zimelegea, nyingine hazina jalada. Dirisha lilikuwa moja, dogo, la wavu. Ukuta wa upande wa jiko haukufika juu, kwa hiyo moshi uliingia, harufu ya maharage iliingia, na maneno ya wapishi yaliingia pia. Siku ya kwanza nilifuta vitabu vilevile mara mbili kwa sababu sikujua pa kukaa. Msichana mmoja mwembamba, macho ya manjano kidogo, akasogea kwenye gunia lake akaacha nafasi. "Kaa hapa," akasema. "Hivyo vitabu havina vumbi tena, umevimaliza." Huyo ndiye Sipora.

Sipora alikuwa Mgogo wa hapahapa Haneti, akiwa mwaka wake wa mwisho shuleni, na ugonjwa wake haukuwa na jina wakati ule. Siku hizi kila mtu anaujua, selimundu. Sisi tulijua tu kwamba siku nyingine viungo vilimuuma mpaka anang'ata shuka, na siku nyingine alikuwa mzima kuliko sisi wote. Siku hizo njema alizitumia kama mtu atakayenyang'anywa: aliruka kamba, aliimba, alikimbizana na watoto wa walimu. Wa pili alikuwa Magdalena, kutoka kijiji kimoja cha Chemba. Mguu wake wa kushoto ulivunjika akiwa mdogo ukaungwa vibaya, ukawa mfupi. Magdalena hakuzungumza. Lugha ya kwao ni ile yenye sauti za kugonga ulimi, na alipofika kidato cha kwanza wasichana walimsikia akiongea na mjomba wake getini. Tangu hapo akipita bwenini kuna mtu lazima agonge ulimi na wengine wacheke. Akaona dawa ni kufunga mdomo. Walikuwepo na wengine waliokuja na kuondoka, mwenye malaria, mwenye jipu, mwenye jino, lakini sisi watatu ndio tulikuwa wa kudumu.

Kusoma kwa sauti kulianza kwa sababu kitabu kilikuwa kimoja. Ilikuwa riwaya isiyo na jalada, inayoanza ukurasa wa tisa, habari za mwanamke anayeuza chai kwenye stesheni ya reli na kila treni ikisimama anatafuta uso wa kaka yake aliyepotea. Sipora alikuwa amefika ukurasa wa thelathini na mimi nilitaka kuanza. "Tutagombana," akasema. "Bora tuanze upya wote, kila mtu ukurasa mmoja." Tukaanza. Siku ya tatu, tukiwa tumefika mahali treni imeingia na mwanamke amesimama na birika mkononi, ukuta ukagongwa kwa mwiko. Tukashtuka. Sauti ya Bi Chausiku, mpishi mkuu, ikapita juu ya ukuta: "Nyie! Huyo kaka mtu kashuka au hakushuka?"

"Shikamoo Bi Chausiku," Sipora akaitikia. "Bado hatujafika hapo."

"Marahaba. Basi ongezeni sauti na mharakishe, maharage yangu yanakaribia kuiva."

Tangu siku ile tulisoma kwa sauti ya kusikika jikoni. Bi Chausiku alinyamazisha wapishi wenzake, na tukimaliza sura alitupitishia dirishani ukoko wa ugali, umekaushwa vizuri, na siku za bahati kipande cha muhogo wa kuchoma. Nimekula kwenye hoteli nyingi za semina tangu wakati ule. Ukoko ule bado naukumbuka, wa moto, wenye moshi, tukigawana watatu juu ya magunia huku mwingine akiendelea kusoma na mdomo umejaa.

Harufu ndiyo iliyoleta wengine, nadhani, au labda ni kule kucheka kwetu. Jumamosi wasichana wazima walianza kusimama dirishani na ndoo zao. Sipora akaweka sharti moja: anayeingia anasoma ukurasa mmoja, hata kama anasoma vibaya, na atakayecheka atoke. Sharti hilo hatukuliombea ruhusa kwa mwalimu yeyote. Jumamosi ya pili walikuwa wasichana kumi na tano mle ndani, na zamu ikamfikia Magdalena. Nilitaka kumruka. Sipora akamwekea kitabu mapajani akamwonyesha mstari kwa kidole. Magdalena alisoma polepole sana, kila neno akilishika kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na mahali fulani katikati ulimi ukamkwama. Mtu nyuma akagonga ulimi, ile sauti. Watatu wanne wakacheka. Sipora akachukua kitabu, akakifunga, akakikalia. Ilikuwa mahali pabaya mno pa kusimamia: mwanamke ameambiwa kuna maiti kwenye behewa la mwisho. Dakika zikapita. Juu ya ukuta Bi Chausiku akauliza, "Vipi, mmekufa?" Hatimaye msichana mmoja mrefu wa kidato cha nne akasimama nyuma, akasema, "Ni mimi. Naomba radhi, Magdalena. Endelea." Sipora akainuka, akatoa kitabu, akampa Magdalena. Magdalena akasoma ule ukurasa, na wa pili, na wa tatu, na hakuna aliyemwambia zamu yako imekwisha. Jioni ile, tukielekea bwaloni, alituambia jina lake la nyumbani. Tulijaribu kulitamka, tukashindwa, akacheka mpaka akaegemea mti. Ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia akicheka.

Nimefanya kazi kwenye majengo mapya yenye viyoyozi na kadi za kufungulia milango, na katika ghorofa yetu kuna chumba kimeandikwa Maktaba, kimejaa ripoti ambazo nyingine niliziandika mimi. Sijawahi kumkuta mtu humo. Vijana wa ofisini wana makundi yao ya simu, matatu, manne, na mchana wanakula kila mtu na skrini yake. Siwalaumu. Mimi pia hurudi nyumbani nikavua viatu nikakaa gizani bila kuwasha taa kwa sababu swichi iko mbali. Lakini huwa najiuliza kama kuna aliyewahi kuwaachia nafasi kwenye gunia. Mwaka ule, kuanzia Machi mpaka Juni, nilikuwa na mahali ambapo nikichelewa mtu anauliza niko wapi. Ndiyo maana ED yangu niliipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho, na kila Jumatatu nilikwenda kwa matroni kupiga filimbi.

Mwezi Julai upepo wa baridi ulipoanza, Makamu mkuu wa shule akatangaza kwenye paredi kwamba wenye ED wamezidi. Alikuwa mtu wa haki, sitaki kumsingizia. Ndoo zilikuwa zinapungua, wasichana wazima walikuwa wanalalamika, na huko maktaba kunasikika vicheko. Alasiri ile aliniita ofisini. Kuniita mimi kulikuwa na sababu: ndiye niliyekuwa naandika daftari la vitabu, na mwandiko wangu aliupenda. Alikuwa anakunywa chai, mbele yake kipande cha mkate kilichoumwa mara moja, na karatasi yenye majina tisa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mwanaidi, wewe ni mtoto mkweli. Nisaidie. Humu ndani nani anaumwa na nani anajifanya?"

Jina langu lilikuwa la nne. Niliweza kulisoma kichinichini. Nikasema Magdalena mguu wake unaonekana. Akaweka alama. Akaniuliza kuhusu mwenye jino, nikasema jino limeshang'olewa. Akakata. "Na Sipora?" akauliza. "Matroni anasema anaumwa, mwalimu wa michezo anasema ni mzima kama punda." Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema nalala kitanda kilicho jirani na chake, namsikia akiuma shuka. Lakini nilikuwa nikiangalia kalamu yake ilivyo karibu na jina la nne, na nikaona akiendelea kuuliza ataniuliza na mimi, na nikampa kitu cha kumtosha. Nikasema, "Sipora siku nyingine anaruka kamba."

Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonisumbua maisha yangu yote, kwamba sikusema uongo. Akakata jina, akanishukuru, akaniambia niende. Mimi sikuulizwa.

Kesho yake Sipora alikwenda korongoni na wenzake, safari tatu, kwa sababu alitakiwa kulipa zile alizokosa. Hakubisha. Aliniambia, "Nikirudi mtanisimulia mlipofika." Mimi na Magdalena tukakaa maktaba. Upepo ulikuwa unapiga mabati. Nilikuwa nasoma, na nakumbuka sikuwa naelewa ninachosoma, Bi Chausiku alipopiga ukuta kwa ngumi, siyo kwa mwiko. "Nyie watoto, mwenzenu kaanguka huko chini! Wanasema hasimami!"

Nilikimbia. Nilitoka mlangoni nikapita uwanjani mbele ya ofisi, mbele ya mabweni, nikashuka mlima wote bila kusimama, na nilipofika nikapasua kundi la wasichana nikapiga magoti. Sipora alikuwa amejikunja mchangani, ndoo imemwagika, midomo imekauka, anatetemeka, na sauti aliyokuwa akitoa sikuijua ni ya mtu. Nikamvua khanga msichana mmoja nikamfunika Sipora. Tulimbeba watano kwa zamu mpaka juu. Pale juu dada mkuu alinitazama, akatazama kifua changu kinavyopanda na kushuka vizuri kabisa, akaniuliza, "Mwanaidi, pumu imekwenda wapi?" Hakusubiri jibu, kwa sababu gari la shule lilikuwa limeshawashwa na Makamu mwenyewe alikuwa anamwingiza Sipora kiti cha nyuma.

Yaliyofuata yalikwenda kinyume na nilivyostahili. ED yangu ilifutwa, ndiyo, na maktaba ikafungwa kwa kufuli. Lakini bwenini habari ilipita kwa namna yake: Mwanaidi alikuwa na ED yake salama, angeweza kukaa kimya, lakini mwenzake alipoanguka akakimbia mbele ya shule nzima bila kujali kwamba atajulikana. Wasichana ambao hawakuwahi kuniita kwa jina walianza kunitwisha ndoo. Yule mrefu wa kidato cha nne akaniambia, "Wewe una moyo." Bwaloni wakanisogezea benchi. Nilikaa kwenye benchi lile kila siku, katikati ya watu, nikamsogezea jirani yangu nusu ya ugali wangu.

Magdalena ndiye aliyeokoa kilichobaki. Kabla ya kufuli alikuwa ameficha kile kitabu kwenye khanga. Siku ya nne bila Sipora, tukiwa korongoni kwenye foleni ndefu, kila mtu akisubiri shimo lake lijae, tulimwona anateremka mlima peke yake, akijikokota na ule mguu, hana ndoo. Alikaa juu ya jiwe. Akafungua kitabu, akaanza kusoma, kwa sauti, yule ambaye miezi michache nyuma hakuwa anaitikia salamu. Nusu ya waliokuwepo hawakuwa wanajua hadithi ilikoanzia, kwa hiyo wengine wakawasimulia kwa kunong'ona. Kesho yake akashuka tena. Wiki ya pili zamu zilikuwa zimerudi, kila mtu ukurasa wake, anayesoma anachotewa maji na wenzake. Bi Chausiku naye akawa anatuma mtu kuuliza kaka mtu amepatikana au la. Mimi nilikuwa nasimama mbali, mwisho wa foleni. Zamu ikinifikia nasema koo linaniuma.

Sipora alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, na karatasi ya hospitali ya misheni yenye jina la ugonjwa na vidonge vya kumeza kila siku. Kwa miaka mingi nilijifariji kwa karatasi ile. Nilijiambia kwamba asingeanguka asingepimwa, na asingepimwa asingefika hata ishirini. Huwa naitumia hesabu hiyo ninapotafuta usingizi, na haijawahi kunipa. Kwenye paredi ya Jumatatu Makamu alimwita mbele, akampa ufunguo wa maktaba mkononi, akatuambia twende madarasani. Alasiri chumba kilijaa mpaka watu wakakaa juu ya maharage. Mimi nilibaki mlangoni.

"Mwanaidi, mbona unasimama kama mgeni?" Sipora akaniita. "Ingia. Zamu yako." Akasogea kwenye gunia. Nilipokaa akaniinamia sikioni. "Kweli ulikimbia?"

"Nilikimbia."

"Ningependa kukuona," akasema, akacheka, akanipa kitabu. Nikasoma. Tulimaliza riwaya ile mwezi Septemba, tukaanza nyingine, na mwisho wa mwaka kulikuwa na wasichana arobaini na orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni kwa mwandiko wangu. Nilipata marafiki wa kudumu mwaka ule. Kila mmoja wao nilimpata kwa sababu ya kukimbia kule, na hakuna hata mmoja aliyejua nilichokisema ofisini kwa Makamu siku moja kabla ya kukimbia.

Hivyo ndivyo nilivyoamini, mpaka siku ya mazishi. Nilipotoka kaburini nikamkuta Magdalena sebuleni kwa Sipora, amekaa chini kwenye mkeka na mguu wake umenyooshwa, nywele zimekuwa nyeupe zote. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri kutoka Chemba. Tulipewa wali na maharage kwenye sahani moja, tukala kidogo. Chumbani wanawake wa kanisa walikuwa wanazungumza kuhusu nani atachukua darasa lake, na jinsi alivyokuwa akiwakusanya watoto wa mtaa Jumamosi kusoma barazani, na wengine wakisema ndiyo yaliyomchosha. Nikaona nisiposema leo sitasema tena. Nikamwambia Magdalena kila kitu: ofisi, orodha, kamba.

Aliendelea kutafuna. "Najua," akasema. "Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha la ofisi, napumzisha mguu. Nilisikia."

Nilishindwa kumtazama. "Miaka yote hii, Magda. Kwa nini hukumwambia?"

"Tungebaki wawili," akasema. "Mimi na yeye. Angekufukuza, na wale wengine wangeondoka na wewe, maana walikuja kwa ajili yako, mkimbiaji. Mimi ningerudi kule nilikokuwa." Akafuta vidole kwenye khanga. "Usidhani nilikusamehe. Nilikuwa nahitaji watu."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka, Mwanaidi. Nisaidie kusimama, tukawasaidie vyombo."

Uani kulikuwa na mabeseni matatu na lundo la sahani. Neema, binti mkubwa wa Sipora, muuguzi wa hospitali mjini, alikuwa anamimina maji ya moto. Ana macho ya mama yake. Akatusalimia shikamoo, tukaitikia, akanitazama vizuri.

"Ni wewe mama Mwanaidi? Wewe ndiye uliyekimbia?" Akatabasamu kwa mara ya kwanza, nadhani, siku nzima. "Mama alitusimulia sana. Kila tukigombana wadogo zangu na mimi, anatuambia habari ya rafiki yake aliyekimbia mpaka korongoni."

Magdalena hakuinua kichwa. Alikuwa anasugua sufuria. Nikazamisha mikono majini, nikamwambia Neema kwamba ndiyo, ni mimi niliyekimbia, na kisha nikamwambia kwa nini mama yake alikuwa korongoni siku ile. Sikupunguza neno. Nilimwambia na sentensi yenyewe kama nilivyoisema. Alisikiliza birika likiwa mkononi, mvuke ukimpanda usoni, na nilipomaliza hakukasirika, wala hakunishika bega. Alionekana tu amechoka, kama sisi.

"Mama angependa kuyasikia hayo mwenyewe," akasema.

Akaniongezea maji ya moto kwenye beseni, akaenda kupokea sahani nyingine.